Umeme wa hema nje ya nchi: kuchomeka kambini, betri ya pili ya gari, au sola?

Kwa anayetoka Mtwara au Lindi na gari na hema, Msumbiji ndiyo nchi ya nje iliyo karibu kuliko zote. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720 juu ya Ruvuma, linapitika tangu 2010. Lakini jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, limekumbwa na machafuko tangu Oktoba 2017, na kulala hemani upande ule si jambo la kumshauri mtu mwenye familia garini. Inayobaki ni njia ndefu: Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Makambako, Mbeya, kisha Kasumulu uingie Malawi. Hizo ni zaidi ya kilomita 1,100 kabla pasipoti haijagongwa muhuri.

Umbali huo ndio unaoamua suala la umeme. Maelekezo mengi ya kupiga kambi yameandikwa kwa watu wa Ulaya, ambao huendesha saa tatu, hupaki kwenye kiwanja chenye nguzo ya umeme na kukaa hapo wiki nzima. Msafiri wa kusini anakaa barabarani siku mbili au tatu mfululizo, na injini ya gari lake ni jenereta inayozunguka muda wote huo. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: betri ya pili inayochajiwa na gari iwe msingi, umeme wa kambini uwe nyongeza ya pale utakapotulia usiku tatu na zaidi, na sola iwe ya yule anayepaki juani. Wapo ambao mpangilio huu hauwafai, nao tutawataja.

Pima mahitaji kabla ya kununua chochote

Zidisha wati za kifaa kwa saa unazokitumia, upate wati-saa. Feni ya volti 12 yenye wati 20 ikizunguka saa 8 usiku inakula 160. Taa mbili za LED za wati 5, saa 5, ni 50. Simu nne kwa wastani wa 15 kila moja ni 60. Jumla 270, kiasi kidogo sana.

Sasa ongeza friji. Friji dogo la kompresa la lita 40 huvuta kama wati 50 kompresa inapozunguka, na kwenye joto la nyuzi 32 litazunguka karibu nusu ya siku. Hapo pana 600. Umefika 870 kwa siku, na zaidi ya theluthi mbili ni friji peke yake. Ndiyo maana mtu asiye na friji anaweza kufunga ukurasa huu, anunue pawabanki mbili za mAh 20,000 (kila moja ina kama wati-saa 74 ndani, ingawa zinazofika kwenye simu ni pungufu), feni ya kuchaji na taa za kuchaji, akasafiri kwa amani.

Tahadhari moja kuhusu friji lenyewe. Yapo masanduku ya bei nafuu yanayopoza bila kompresa, mara nyingi yenye swichi ya baridi na moto. Hayo huvuta wati 45 hadi 60 bila kupumzika, yaani zaidi ya wati-saa 1,000 kwa siku, na hushusha joto kwa nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto la nje. Kwenye hali ya hewa ya Mikindani saa nane mchana, ndani yake mna nyuzi 12 hadi 17. Samaki ataharibika, na insulini, ambayo chupa zake ambazo hazijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, haitakuwa salama. Kama umeme unautafuta kwa ajili ya dawa, nunua la kompresa au usisafiri na dawa inayohitaji baridi.

Kupika kwa umeme tunakuondolea kabisa kwenye hesabu. Birika la wati 2,000 linakata breka (swichi za usalama) za kambi nyingi. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unamaliza suala hilo.

Umeme wa kambini

Kwenye kambi za Ulaya, na nyingi za Afrika Kusini na Namibia, kila kiwanja cha hema kina nguzo fupi au kisanduku chenye soketi ya bluu ya duara, ya ampea 16, yenye kifuniko cha kuzuia mvua. Malawi na Zambia hali ni nyingine: mara nyingi utaonyeshwa soketi ya kawaida ya ukutani, karibu na baa au mabafu, na kuanzia hapo ni ekstensheni yako.

Soketi ya Malawi ni ya pini tatu bapa kama ya kwetu, na ya Kenya vilevile. Zambia utakuta hiyo pamoja na za pini za duara. Msumbiji hutumia pini mbili za duara za Kizungu, na pia zile tatu nene za ampea 15 ambazo Afrika Kusini ndizo za kila siku. Usinunue kebo nne. Nunua moja yenye plagi ya bluu, kisha mwambie fundi akufungie vigeuzi viwili vifupi vya nusu mita: upande mmoja soketi ya bluu, upande wa pili plagi bapa yenye fyuzi ya ampea 13, na kingine plagi ya pini tatu nene. Vigeuzi vya plastiki vya kuchomeka juu ya plagi viache nyumbani. Vingi havina ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini), na hulegea kwa uzito wa kebo.

Kebo ndipo watu wanapobana pesa mahali pasipofaa. Inayotakiwa ni ya mpira, nyaya tatu, milimita 2.5 za mraba, mita 25. Ekstensheni nyembamba ya dukani ina milimita 0.75. Kwenye mita 25, waya mwembamba huo una ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa kama omu 1.2 kwenda na kurudi. Vuta ampea 10 na utapoteza volti 12, huku wati 120 zikigeuka joto ndani ya waya wenyewe. Ile ya 2.5 inapoteza chini ya volti 4. Na hata kebo nzuri ikiachwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea. Ganda linayeyuka kutoka ndani ya viringo, na nje huoni dalili. Kunjua yote, hata kama soketi iko hatua tano. Inayozidi itandaze kwa mizunguko mipana chini ya gari.

Mwisho wa kebo upande wa hema, usiweke ekstensheni ya sebuleni. Weka kisanduku kisichoingia maji chenye vitu vitatu: breka ya uvujaji yenye alama ya 30 mA (sehemu 30 za elfu za ampea) na kitufe cha TEST, breka ya kawaida ya ampea 10, na soketi mbili au tatu. Hiyo ya 30 mA ndiyo inayookoa uhai. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa sababu unapita kwenye mwili wa mtu aliyekanyaga nyasi zenye umande, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo, kwa sababu inasubiri ampea 10 na kuendelea, na binadamu hufa kwa chini ya ampea moja.

Namna ya kuchomeka:

1. Zima vifaa vyote. Weka kisanduku ndani ya hema, juu ya kreti au kigoda, kisigusane na turubai wala sakafu.
2. Tandaza kebo kutoka hemani kuelekea kwenye soketi, mbali na njia ya watu. Pale inapoingilia hemani iache ilegee chini kidogo kwa nje, maji ya mvua yadondokee ardhini badala ya kuifuata hadi kwenye kisanduku.
3. Upande wa hema uunganishe kwanza. Upande wa soketi ya kambi uwe wa mwisho kabisa.
4. Bonyeza TEST. Isipokata, chomoa na usitumie.
5. Pima volti kwa maltimita (kipima umeme) kabla ya kuwasha friji. Kisha pima kati ya laivu (waya unaoleta umeme) na ethi: kama hupati karibu kiasi kilekile, soketi haina ethi ya kweli.

Wakati wa kuondoka geuza mpangilio: soketi ya kambi ichomolewe kwanza. Anayeanza na upande wa hema anabaki ameshika kebo yenye umeme kwenye nyasi mbichi.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoua mafriji ya umeme wa nyumbani. Kambi iliyo mbali na transfoma, saa moja jioni kila mtu akiwa amewasha, inaweza kuwa na volti 180 badala ya 230. Kompresa ya kawaida inashindwa kuanza, inanguruma, inachemka. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, pigo la kurudi linamaliza kazi. Kifaa cha kulinda friji, kile mafundi wanachokiita friji gadi, kinachelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi na kinakata volti zikishuka. Ni kidogo, ni cha bei ya kawaida, kiweke kwenye boksi lako.

Soketi isiyo na ethi tuiseme wazi. Breka ya 30 mA bado itafanya kazi, lakini kifaa chenye bati kikivujisha umeme hakitaikata hadi mtu akiguse. Kwa chaja za plastiki hatari ni ndogo. Kwa friji la bati au birika, kataa soketi hiyo.

Uliza pia ampea kabla ya kulipia. Kwa volti 230, ampea 6 ni wati 1,380, ampea 10 ni 2,300, na 16 ni 3,680. Kwa mahitaji ya 870 kwa siku tuliyoyahesabu, hata ampea 4 zinatosha, kwa hiyo usilipie kiwanja cha bei ya juu kwa ajili ya ampea usizozitumia. Na unapolala njiani upande wa Tanzania kwenye uwanja wa gesti, Tunduru au Songea, mwenyeji akisita kwa sababu ya LUKU, mwonyeshe hesabu: uniti moja ni wati-saa 1,000. Familia yenye friji dogo, feni na simu haimalizi uniti kwa usiku. Mlipie uniti mbili, mtalala wote kwa furaha.

Kisichotibika kwa kebo nzuri ni umeme wenyewe kutokuwepo. Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu kituo cha kuzalisha umeme cha Kapichira kwenye Mto Shire na Malawi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa muda mrefu. Mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba na Zambia ikaingia kwenye mgao mkali. Aliyefika kambini na kebo ya mita 25 bila betri alikuwa na kebo tu.

Betri ya pili ndani ya gari

Kwanza tuiondoe betri ya kuwashia gari. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na kuishusha usiku kucha kunaiua ndani ya safari moja. Betri ya ampea-saa 60 ina kama wati-saa 720, lakini unachoweza kuchukua bila kuhatarisha kuwasha gari asubuhi ni robo yake hivi. Ikipumzika na kusoma volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na hapo ukizima redio hujakosea. Kwa simu na taa inatosha. Kwa friji, hapana. Kumbuka pia kuwa tundu la sigara lina fyuzi ya ampea 10 au 15, yaani wati 120 hadi 180. Invata (kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya wati 1,000 iliyochomekwa pale itaunguza fyuzi siku ya kwanza.

Betri ya pili hutenganishwa na ya gari kwa chaja inayopokea umeme wa altaneta (jenereta ya injini) na kuupandisha hadi volti zinazofaa. Hapa uchaguzi ni kati ya aina mbili. Betri ya risasi iliyofungwa, ampea-saa 100, ina uzito wa karibu kilo 30, na ukitaka idumu unatumia nusu tu: kama wati-saa 600. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 100, ina kilo 11 hadi 13 na wati-saa 1,280, ambapo 1,000 na zaidi unazitumia bila wasiwasi. Bei ya kununua ni kubwa zaidi, lakini kwa mizunguko mingi ya kuchaji inayovumilia, tunaipendekeza bila kusita kwa yeyote atakayesafiri zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Chaja ya ampea 30 hutia kama wati-saa 400 kila saa ya kuendesha. Kutoka Masasi hadi Songea pekee, betri ya lithiamu iliyokuwa tupu imejaa na muda unabaki. Hiyo ndiyo faida ambayo umeme wa kambini hauwezi kukupa: unafika umejaa, soketi iwepo isiwepo.

Makosa ya ufungaji ni yaleyale kila mara. Waya mwembamba kutoka mbele ya gari hadi buti: kwa ampea 30 na mita 5, weka milimita 16 za mraba, usikubali chini ya hapo. Fyuzi kusahaulika: inatakiwa moja karibu na kila betri, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu waya ukichubuka katikati, betri zote mbili zinaweza kuuunguza. Kutegemea rilei (swichi inayounganisha betri mbili injini ikiwaka) ya kawaida badala ya chaja: magari mengi ya karibuni yana altaneta inayojishusha volti ili kuokoa mafuta, na betri ya pili haijai kamwe. Na kwa sisi wa pwani, chumvi. Upepo wa kusi unaingiza unyevu wa bahari kila mahali. Vituo vya shaba vinageuka kijani, ukinzani unapanda, nyaya zinachemka palepale penye nati. Safisha, kaza, paka grisi kabla ya safari na baada yake.

Endesha friji na feni kwa volti 12 moja kwa moja. Ukipitia invata unapoteza asilimia 10 hadi 15, na invata yenyewe inakula hata ikiwa haina kazi.

Sola

Paneli ya wati 100 juani kwa siku nzuri hutoa wati-saa 300 hadi 350 zinazofika kwenye betri. Hiyo inatosha bila friji. Ukiwa na friji unahitaji wati 250 hadi 300 za paneli, na hapo suala linakuwa nafasi.

Tatizo lake kubwa ni kivuli. Sote tunapaki chini ya mkorosho au mnazi, na ni busara, kwa sababu hema juani saa sita ni tanuri. Lakini kivuli cha matawi machache kikifunika kona ya paneli kinaweza kukata zaidi ya nusu ya umeme wote, kwa kuwa seli zimeunganishwa mfululizo. Kwa hiyo paneli ya kukunja yenye waya wa mita 5 hadi 10, unayoitandaza juani huku gari likiwa kivulini, ni bora kuliko ya kufunga juu ya gari. Mtu akae karibu nayo, maana ni rahisi kuibiwa. Novemba hadi Aprili, mvua za kusini zikiwa zimeshika, usiitegemee peke yake.

Jenereta ndogo ya petroli tunaitaja ili tusiulizwe. Inafanya kazi, inapigia kelele kambi nzima, na moshi wake umeua watu walioiweka kwenye baraza la hema wakati wa mvua. Hatuishauri kwa hema.

Ipi ni yako?

| | Umeme wa kambini | Betri ya pili, lithiamu ya ampea-saa 100 | Sola ya wati 100 |
|---|---|---|---|
| Kwa siku | Bila kikomo, umeme ukiwepo | Wati-saa 1,000 na zaidi kila ukiendesha saa 3 | 300 hadi 350 juani |
| Uzito | Kilo 6 hadi 8, kebo na kisanduku | Kilo 15 hadi 20 na nyaya zake | Kilo 4 hadi 8, bila betri |
| Inaangushwa na | Mgao, volti ndogo, ethi kukosekana | Kukaa mahali pamoja siku 2 bila kuwasha gari | Kivuli, mawingu |

Unayezunguka Ziwa Nyasa ukilala kila usiku mahali papya, chukua betri ya pili na usilipie kiwanja chenye umeme. Unayekwenda Nkhata Bay, Malawi, kukaa wiki moja na watoto, chukua zote mbili: kebo kwa siku za kutulia, betri kwa umeme unapokatika. Unayekodi gari Johannesburg na huwezi kufunga chochote ndani yake, wewe ndiye wa kuchomeka kambini. Beba kisanduku chako chenye breka ya 30 mA kutoka nyumbani, na mwulize mwenye kambi kwa simu kama soketi yake ni ya bluu au ya pini tatu nene.

Mwenye mashine ya kusaidia kupumua usingizini asitegemee njia moja kamwe. Inavuta wati 30 hadi 60, na kwa saa 8 ni 240 hadi 480. Betri iliyojaa iwe kando ya kitanda kila usiku, hata kama nguzo ya umeme iko mlangoni. Kifaa cha unyevu cha mashine hiyo kikizimwa, matumizi hushuka sana. Mwulize daktari kama kwako inaruhusiwa.

Na radi ikianza kulia, popote ulipo, chomoa kebo upande wa soketi ya kambi kabla mvua haijafika. Hapo ndipo mwenye betri anaendelea na feni yake bila kuinuka.